Kijiji Kilichoshtakiwa kwa Kutofanana na Picha Yake

Nilikuwa nimefika kwenye sikio la kushoto la Mheshimiwa Waziri, nikilizungushia mstari taratibu kwa kipanya cha kompyuta, mlango wa ofisi ulipogongwa. Sikio ni kazi ngumu. Nywele unaweza kuzidanganya, bega unaweza kulinyoosha, lakini sikio likikosewa kidogo tu, mtu mzima anaonekana amebandikwa kwa gundi. Nikasema, "Karibu," bila kuinua macho, nikamalizia ndewe, nikahifadhi kazi. Hapo ndipo nikageuka.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kanga, ndala zake zina vumbi jekundu, na mkononi ana ndoo ya plastiki ya bluu. Aliitazama kompyuta yangu, akamtazama Waziri aliyekuwa akielea peke yake katikati ya kioo bila ardhi wala mbingu, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi uliyenichotesha maji?"

Kabla sijasema nilimjibu nini, inafaa nieleze ofisi yetu ni ya kazi gani. Huenda nchi zenu hazina ofisi ya namna hii, na mimi si mtu wa kumhukumu jirani kwa upungufu wake.

Inaitwa Ofisi ya Taifa ya Kukamilisha Picha. Zamani, nchini kwetu, mradi ulikuwa unajengwa kwanza, halafu kiongozi anakwenda kuuzindua, halafu anapigwa picha. Wataalamu walifanya utafiti wa miaka mitatu wakagundua kwamba ni ile hatua ya mwisho tu iliyokuwa ikienda vizuri siku zote. Hatua mbili za mwanzo zikaondolewa. Bunge likapitisha Sheria ya Mwonekano, ambayo kifungu chake cha kwanza ni kifupi na chema: "Kilichopigwa picha kimetokea."

Tangu hapo maendeleo yamekuwa ya kasi. Kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, Mheshimiwa Waziri wa Mwonekano huja uani kwetu, ambako tumetandaza kitambaa cha kijani kuanzia juu ya ukuta mpaka chini anapokanyaga. Tunawasha taa. Anakata utepe mara arobaini, kila mara akigeuka kidogo. Anavaa kofia ya ujenzi, anaivua. Anashika jembe. Anaonja uji kwenye kijiko kisicho na uji na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo lazima niseme ukweli, ana kipaji. Anapeana mkono na mlinzi wetu wa getini, kwa sababu imethibitishwa kwamba mkono wa mlinzi una ukubwa wa mkono wa mwananchi. Saa sita mchana anarudi nyumbani, ziara zake za mwaka zimekwisha. Zangu ndiyo zinaanza. Namkata kwenye kijani, nampeleka mikoani.

Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe kwenye studio ya picha za harusi, ambako nilikuwa nikiwaingiza wajomba waliochelewa. Mjomba mmoja, baada ya kuiona picha, alirudi kunishukuru, akasema sasa anakumbuka vizuri jinsi alivyocheza. Nadhani serikali ilinisikia kupitia kwake.

Basi, nilimjibu mama kwamba ndiye mimi, nikamkaribisha kwenye kiti. Hakukaa.

"Naitwa Siwema Kachingwe," alisema. "Natoka Ngongolea. Kwetu hakuna maji. Kisima cha zamani kimekauka, tunachimbua mchanga mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Nimekwenda wilayani kuomba bomba, bwana mmoja akafungua kabati akanitolea picha. Akaniambia, 'Ngongolea mna maji tangu mwezi wa tatu. Huyu si wewe?' Nikaangalia. Ni mimi. Nimeshika ndoo hii hii, imejaa, nacheka na Waziri."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilikuwa nacheka kweli."

Niliifungua picha hiyo. Ilikuwa moja ya kazi zangu nzuri, na niliiona tena kwa furaha kidogo kabla ya kuona aibu. Ukuta wa shule ya Ngongolea na wanawake kumi na watano nilikuwa nimewapata kwenye picha ya siku ya uchaguzi. Walikuwa kwenye foleni ya kupiga kura, na foleni ni foleni. Ndoo niliwapa mimi, zote nikizitoa kwenye ndoo moja iliyokuwa imelala pembeni ya Bi Siwema. Bomba nililitoa kwenye bustani ya hoteli moja ya mjini. Maji yanayomwagika nilikuwa nimeyapaka tone kwa tone kwa muda wa siku mbili.

"Haya maji," Bi Siwema alisema, akikaribia kioo, "ni mazuri sana."

"Asante mama."

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu. Ndoo yangu ya kwenye picha imejaa. Hii hapa ni tupu. Naomba nibadilishiwe."

Nimefanya kazi hapa miaka tisa, na ombi lile sikulipata kwenye mwongozo. Nilimpeleka kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu ni Bwana Ladislaus Mkumbwa, mtu mwenye sauti ya kutosha ukumbi hata anapoomba chumvi. Alimsikiliza Bi Siwema mpaka mwisho, akaunganisha vidole, akasema, "Mama, serikali inatambua furaha yako."

"Ipi?"

"Iliyomo kwenye picha. Imehifadhiwa nakala tatu."

"Mimi naomba maji, baba."

"Na tumeyaona." Akanigeukia. "Fundi Nasibu, maji yanaonekana vizuri?"

"Yanaonekana, Mkurugenzi."

"Basi tukubaliane kwanza kwamba hakuna tatizo, ndipo tulitatue."

Nilipendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba labda tungemtoa Bi Siwema pichani, ili wilayani wasiwe na ushahidi dhidi yake. Mkurugenzi akachukua fomu. Nchini kwetu mtu hutolewa kwenye picha ya serikali kwa sababu tatu tu: akifukuzwa kazi, akihamia upinzani, au akifariki, na hiyo ya tatu huhitaji saini ya marehemu.

"Una kazi serikalini, mama?"

"Nalima mihogo."

"Hatuwezi kukufukuza, basi. Uko tayari kuhamia upinzani?"

Bi Siwema alifikiri. "Huko kuna maji?"

"Hapana. Lakini nao tumeshawapiga picha."

"Basi nibaki tu."

Mkurugenzi akaguswa na uzalendo ule. Akaagiza achapishiwe picha yake kwa ukubwa wa mlango, bure, ikiwa na fremu.

"Ndogo tunayo," Bi Siwema akasema. "Mwenyekiti wa kijiji aliitundika juani wiki nzima. Haikutoa hata jasho."

Nikarudi naye ofisini. Alikaa sasa, ndoo mapajani, wala hakulalamika, na hilo ndilo lililonisumbua. Mimi nikiona jambo limenishinda huwa nasoma mwongozo kuanzia ukurasa wa kwanza, hata kama nimeusoma. Nilimpa chai, nikaanza. Ilikuwa karibu saa tisa nilipofika Kanuni ya Kumi na Saba, iliyotungwa zamani kuwatisha walalamikaji na ambayo hakuna aliyewahi kuitumia:

"Ikitokea tofauti kati ya picha ya serikali na mahali palipopigwa picha, picha ndiyo sahihi. Mahali hapo patakuwa pametenda kosa la kutofanana, na patarekebishwa."

Nikaisoma mara tatu. Nikamsomea na yeye.

"Sijaelewa," alisema.

"Mama, sisi tumekuwa tunailalamikia picha. Picha haina kosa. Mwenye kosa ni Ngongolea."

"Ngongolea imefanya nini?"

"Haifanani. Kwenye picha ina bomba, yenyewe imekaa bila bomba tangu mwezi wa tatu, na haikutoa taarifa. Nataka kuishtaki."

Alikitazama kikombe. "Unanishtakia kijiji, na chai nimekunywa ya kwako."

"Ndiyo mama."

"Na kikishindwa kesi?"

"Kitarekebishwa."

Bi Siwema akaiweka ndoo chini. "Kishtaki," alisema. "Mimi nitakuwa shahidi. Nakijua kile, kina kiburi."

Mkurugenzi alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kwa miaka yote tulikuwa na sheria bila mkosaji, na ofisi isiyo na mkosaji huonekana haifanyi kazi. Akaandika hati ya mashtaka kwa mkono wake mwenyewe: kwamba kijiji cha Ngongolea, kwa makusudi na kwa muda mrefu, kimekuwa kikavu kinyume na picha. Akaipeleka kwa Mheshimiwa Waziri, ambaye asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe kuisoma, maana hakuwa amewahi kukutana na kijiji.

Waziri alikaa kwenye kiti changu. Bi Siwema, aliyelala kwa mlinzi wetu na mkewe, alisimama karibu na dirisha. Waziri akamwona, akatabasamu kwa mazoea, akageuza uso kidogo upande wa kulia ambao ni upande wake mzuri.

"Tumewahi kuonana," alisema.

"Tumeonana sana, baba. Tuko wote ukutani kwa mwenyekiti."

Akaisoma hati. Alisoma pia ile Kanuni, na kwa bahati mbaya aliisoma mpaka mwisho, mahali ambapo mimi nilikuwa sijamsomea mtu. Ilikuwa na sentensi nyingine: "Au jina la mahali hapo litahamishiwa mahali panapofanana zaidi na picha."

"Hii ya pili ndiyo nafuu," alisema Waziri. "Bomba lilitoka wapi?"

Nikajibu, kwa sababu nimezoea kujibu, kwamba lilitoka kwenye bustani ya hoteli moja ya mjini.

"Basi hoteli ndiyo itakayoitwa Ngongolea. Pana bomba, pana maji, na bila shaka panafanana. Mkurugenzi, na kile kijiji kingine kitaitwa nini?"

"Kinaweza kukaa bila jina kwa muda, Mheshimiwa. Kisichokuwa na jina hakilalamiki."

Waziri akatoa kalamu. Mimi niliitazama ile kalamu, na ninakiri kwamba nilifikiria lile sikio la kushoto, na jinsi ningeweza kulikosea kwa nukta mbili kwa maisha yake yote yaliyobaki. Lakini aliyesema ni Bi Siwema.

"Sawa baba. Tutahama lini?"

"Nani ahame, mama? Linahama jina tu."

"Jina na picha. Si umesema hoteli ifanane na picha? Kwenye picha niko mimi hapa, na wenzangu kumi na wanne nyuma yangu. Huyu Bi Tukae, huyu Bi Sharifa, huyu mke wa katekista, ana mapacha lakini hawaonekani." Alikuwa akigusa kioo cha kompyuta kwa kidole, mmoja mmoja. "Tukibaki kijijini, hoteli itakuwa haifanani. Mtaishtaki na yenyewe. Bora tufike mapema, saa kumi na moja alfajiri, tupange foleni bustanini. Kila siku. Nasi tutacheka, maana picha inasema tunacheka. Bi Tukae akicheka anasikika mpaka ng'ambo ya mto."

Mheshimiwa Waziri aliishusha kalamu polepole. Hoteli ile, kila mtu nchini anajua, ni ya shemeji yake, na wageni wake hulala mpaka saa nne.

"Mkurugenzi," alisema, "nimetafakari kwa kina. Serikali haiwezi kukimbia wajibu wake. Kijiji kirekebishwe."

Akatia saini. Kisha akauliza kama kuna mtu anayeweza kumpiga picha akiwa anatia saini, nami nikampiga, na ilikuwa picha ya kwanza kwa miaka tisa ambayo sikuongeza kitu.

Mtambo wa kuchimba visima ulifika Ngongolea Jumatano asubuhi, ukifuatwa na gari letu. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti ya kijivu. Mimi niliteuliwa kuwa Mtaalamu wa Kufananisha, cheo kilichobuniwa njiani, nikiwa nimebeba ile picha ya ukubwa wa mlango. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga barabarani kwa utulivu wa watu walioambiwa kwamba wameshtakiwa lakini wasichukie.

Fundi wa mtambo, mtu mfupi aitwaye Chilumba, aliitazama picha, akatembea mpaka kwenye ukuta wa shule, mahali hasa bomba langu liliposimama. Akapiga ardhi kwa nyundo. Ikalia kama sufuria.

"Nani kaliweka bomba hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Hapa ni jiwe, ndugu yangu. Jiwe mpaka kwa mababu. Ukitaka maji ni kule." Akaonyesha bondeni, penye matete, kama hatua mia mbili kutoka shuleni. "Kule hata mimi nikitema mate yanapata mwenzake."

Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Picha inasema shuleni."

"Picha haina patasi ya kuchimbia, mzee. Mimi ninayo, na hapa itakatika."

"Ikikatika, itakuwa imekatika kisheria."

Wanawake wa Ngongolea waliokuwa wakisikiliza wakaanza kunong'ona. Bi Siwema alinitazama, na mimi nikatazama picha yangu. Nilikuwa nimeliweka bomba pale kwa sababu moja ya kitoto: rangi yake ilipendeza mbele ya chokaa nyeupe. Siku ile ndiyo nilijua kwamba kazi ya mtu hukaa mahali, hata kama yeye alidhani ameiweka kwenye kioo tu.

Nikaomba dakika kumi. Nikateremka bondeni, nikapita matete, nikapanda kidogo upande wa pili, nikajaribu kuchuchumaa, nikajaribu kupiga magoti, mwisho nikalala kifudifudi kwenye nyasi. Nikamwomba Chilumba asimamishe bomba moja refu penye matete. Kisha nikamwita Mkurugenzi.

"Naomba ulale hapa."

"Kwa cheo gani?"

"Picha ina macho yake, Mkurugenzi. Tuangalie kwa macho ya picha."

Alilala, na suti yake. Niliiegemeza picha kando yake. Kutoka pale chini, bonde lote lilimezwa na majani, na bomba la Chilumba lilisimama barabara mbele ya ukuta mweupe wa shule, kana kwamba mtoto angeweza kutoka darasani na kulifikia kwa hatua mbili. Picha haijui umbali. Hilo nililijua tangu enzi za wajomba.

Mkurugenzi alitazama picha, akatazama shule kule ng'ambo, akatazama picha. "Inafanana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa. Halafu akakunja uso. "Lakini hapa pichani kivuli cha Mheshimiwa kinakwenda huku, na cha huyu mama kinakwenda kule."

Hilo lilikuwa kosa langu kweli, la uchovu, na nilikuwa nimelijua tangu mwezi wa tatu. Nikakiri.

"Si lako," alisema Mkurugenzi akiwa bado kifudifudi. "Hilo ni suala la jua. Nitaiandikia barua idara ya hali ya hewa."

Mtambo ukaanza kunguruma saa tano. Ulinguruma mchana kutwa. Vumbi jeupe kwanza, halafu jekundu, halafu changarawe zilizotoka kavu kama karanga za kukaanga. Mke wa katekista alileta mihogo ya kuchemsha, tukala tumesimama. Bi Tukae alicheka mara moja tu, Mkurugenzi alipogeuka na majani mgongoni, na ni kweli, husikika mbali.

"Mkikosa je?" Bi Siwema alimuuliza Chilumba.

"Nimeshawahi kukosa, dada. Sitaki nikudanganye."

"Wewe peke yako ndiye hujanidanganya wiki hii," alisema, kisha akaniona. "Na huyu, kidogo kidogo."

Jua lilipokaribia kilima, sauti ya mtambo ilibadilika. Chilumba aliuzima, akainama, akachota kilichotoka kwenye bomba kwa kiganja chake. Ulikuwa udongo wa kijivu, mzito, unaonata. Akampa Bi Siwema. Yeye akaufinya, na kati ya vidole vyake vikabaki vitone vidogo vya unyevu vinavyong'aa. Hakuna aliyeshangilia. Wenzake walisogea, kila mmoja akaugusa, wakapokezana kama wanavyopokezana mtoto mchanga.

"Ni maji?" niliuliza.

"Ni jirani yake," alisema Chilumba. "Patasi imepata moto. Nikilazimisha sasa nitaivunja, na nyingine iko mwendo wa siku nne. Tulale."

Mkurugenzi alikuja haraka akijipangusa. Alikuwa amemwahidi Waziri taarifa kabla ya magharibi. "Fundi Nasibu, mwanga bado upo. Waweke hapo kinamama, piga, umwongezee kila mmoja maji kidogo, tumalize. Hayo mengine ni ya kitaalamu."

Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa mapajani, imefunguliwa. Nina matone ya kila aina humo, makubwa, madogo, yanayoanguka, yanayoruka. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilimtazama Bi Siwema, ambaye alikuwa bado ameufumba mkono wake wenye udongo na hakuniomba chochote.

"Betri imekwisha, Mkurugenzi," nikasema, nikaifunga.

Haikuwa imekwisha.

"Mpaka lini?"

"Kesho."

Akapiga simu kwa Waziri kueleza kwamba maji yamethibitika kuwa chini, kama ilivyopangwa. Chilumba akaufunika mtambo kwa turubai, akavuta kamba, akarudi na kipande cha chaki alichoomba shuleni. Akaandika kwenye bomba: mita 41. Chini yake akapiga mstari, ili asubuhi ajue pa kuanzia.